Kiingereza cha Minani

Skola,

Begi lako nimelikuta mlangoni, limekazwa kamba kama gunia la maharage la Nyakitonto, nikaona kuhusu safari sina la kukufundisha. Chandarua, maji ya kuchemsha, wenye nyumba wa Kibondo na tabia zao, yote hayo shangazi yako ameyamaliza tangu mchana, na mengine ameyasema mara mbili. Mimi nakuandikia kuhusu Minani.

Kesho unapanda basi kwenda kuanza kazi ya ukalimani katika ofisi ile ile alikohojiwa Minani. Utakalia kiti ambacho siku ile kilikuwa kitupu. Sehemu ya habari hii unaijua kwa sababu ulikuwepo. Sehemu nyingine imetokea Jumapili hii, nami nilirudi nyumbani nikakuambia tu kwamba nilikwenda Kibondo kikazi. Nitaieleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika habari yoyote.

Mwaka ule tulikuwa tunakaa Kibondo, ile nyumba ya kupanga nyuma ya soko, nami nikiiripotia redio habari za kambi ya wakimbizi. Kombe la Dunia lilikuwa limeangukia msimu wa mvua badala ya katikati ya mwaka, na shule zilipofungwa ukawa unanifuata kazini. Taarifa za mechi zilinifikia kwa Kiingereza. Nilizitafsiri, nikazisoma hewani, na kila siku kulikuwa na neno moja lililonisumbua kidogo. Ndipo nikaanzisha kipande cha “Neno la Mechi”. Kila jioni nilichukua neno moja la Kiingereza kutoka katika habari za Kombe, nikatoa maana yake na mfano wake. Kilipendwa kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya, zikiwemo zile zilizonikosesha usingizi. Wasikilizaji wakataka darasa, nikawapa darasa kambini, kwenye banda la video la Hamisi, kabla ya mechi kuanza.

Hamisi hajabadilika. Ni yule yule mfanyabiashara wa mjini, baba yake alitoka Ujiji, anauza karanga huku anakukosoa. Darasani nilikuwa na kadi nyekundu niliyoikata kwenye boksi la majani ya chai. Aliyekosea maana ya neno aliinuliwa kadi, akatoka nje ya banda, akasimama mvuani mpaka neno linalofuata litajwe. Watu walicheka, na waliotolewa walicheka pia, wakiwa wamelowa. Niliamini kwamba aibu hufundisha haraka. Hufundisha kweli, ila sikuwahi kujiuliza inafundisha nini.

Minani hakuwahi kuinuliwa kadi. Alikaa benchi la mbele. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, ana mke wake Esperansi na watoto wawili, na jina lake lilijulikana kambi nzima kwa sababu ya mpira. Alikuwa kapteni wa timu ya kanda yao, na alicheza namba tisa. Kila neno nililolitaja alilirudia kwa sauti, kisha akalibeba nyumbani akalifanyia mazoezi kwa mke wake. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, ule wetu sote wa huku.

“Siyo gori, Minani,” Hamisi alimwambia siku moja. “Ni goli. Goli!”

“Likishaingia wavuni, Hamisi, wewe unaliona lina herufi gani?”

Ulicheka mpaka ukamwaga karanga za watu.

Sasa tazama maneno yenyewe. Sisi tunaosoma habari za michezo tumelitumia neno “mshambuliaji” mpaka halina tena damu ndani yake. “Kikosi” ni hivyo hivyo. “Kambi” ndiyo mbaya zaidi. Timu ya taifa imeingia kambini, askari wako kambini, Minani yuko kambini. Kwenye Kiswahili chetu maneno hayo yanaishi nyumba moja bila ugomvi, kwa hiyo nilipoyafundisha kwa Kiingereza niliyafundisha kama ndugu wapole. “Squad”, kikosi. “Attack”, safu ya ushambuliaji. “Shoot”, kupiga shuti, hilo nililitoa siku ya mechi ya ufunguzi. Sikusema kwamba nje ya uwanja maneno hayo hushika bunduki.

Nikafundisha na jambo la nne ambalo halikuwa neno. Nilisema darasani, nikalirudia hewani, kwamba anayejisemea huaminika kuliko anayesemewa. Nililibuni pale pale nikalipenda. Lilisikika kama methali ya wahenga, ndiyo maana hakuna aliyeliuliza swali.

Minani alilisikia. Aliitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa nchi ya mbali yeye na familia yake, akaambiwa mkalimani yupo, akajibu kwamba hamhitaji. Akatia sahihi kwamba hamhitaji.

Alipotoka huko alikuja moja kwa moja bandani. Alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono imempita vidole. Hamisi alikuwa anahangaika na waya wa dishi, mimi naandaa kinasa sauti, wewe unamenya karanga.

“Mwalimu! Nimewapiga!”

“Umempiga nani?” Hamisi akauliza. “Usituletee polisi hapa, nina biashara.”

“Kwa Kiingereza, sha! Mkalimani nimemwambia toka nje. Kadi nyekundu!”

Akaanza kuigiza. Alikaa kwenye kiti akawa afisa, akasimama akawa yeye. Afisa alimuuliza kama kijijini kwao kulitokea mashambulizi. Akajibu ndiyo, na yeye alikuwa kwenye “attack”. Pamoja na nani? Na “squad” yake. Iko wapi? “In the camp.” Nani aliiongoza? Hapo Minani alijipiga kifua, kama alivyojipiga mbele ya afisa: “Me. Captain.” Afisa akamuuliza, taratibu sana, kama aliwahi ku-“shoot”.

“Nikamwambia, many! Very many! Akauliza ngapi. Nikamwambia kapteni mzuri hahesabu.”

“Na yeye akasemaje?” Hamisi akauliza.

“Hakusema. Ameandika! Kila neno langu ameandika. Kalamu haikupumzika, Mwalimu, haki ya Mungu.”

Hamisi akampa karanga bure, jambo ambalo sijaliona tena. Na wewe ukanisogelea, ukaninong'oneza: “Mama, shoot si kupiga risasi?”

Nilijua kabla hujauliza. Nilijua tangu “squad”. Nilikujibu hivi, na nadhani unayakumbuka maneno yenyewe: “Nyamaza. Usimharibie mtu siku yake.”

Lilikuwa jibu la mama mwema. Watu wazima wote waliokuwa pale wangenisifu. Lakini kinasa sauti kilikuwa mkononi mwangu, na Minani alikuwa mgeni wa “Neno la Mechi” jioni ile, mwanafunzi aliyehojiwa kwa Kiingereza bila mkalimani, ushahidi kwamba darasa langu linafanya kazi. Siku ambayo sikutaka iharibike ilikuwa yangu. Nilimrekodi. Kilikuwa kipande kizuri, hakina hata kikohozi.

Kesho yake angeweza kwenda ofisini kuomba maelezo yake yasahihishwe. Utaratibu huo upo, na mimi niliujua, nilikuwa nimeuripoti. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba afisa lazima alielewa, kwamba nani asiyejua mpira wakati wa Kombe la Dunia? Sijawahi kupeleka hewani habari ya chanzo kimoja, Skola. Hiyo niliipokea kwa chanzo kimoja, na chanzo kilikuwa mimi mwenyewe.

Wala sikukosa onyo maishani. Nilipokuwa mgeni katika kazi, lori la wafanyabiashara lilipinduka kwenye mteremko wa kwenda Manyovu. Taarifa ya Kiingereza ilisema “casualties”, pamoja na majina. Mimi nikasoma kwamba wamefariki. Neno lile linajumuisha na majeruhi. Heru Juu wakaanza msiba wa mtu aliyekuwa amevunjika mkono. Alipopanda bodaboda akarudi na bandeji yake, alikuta watu wamejaa uani, na mbuzi wake wawili wameshaliwa. Alikuja redioni. Hakugomba. Alisema tu, “Mama, umenilia mbuzi.” Tukamwomba radhi hewani, na kwa miaka mingi nilikisimulia kisa kile kama kichekesho. Nilidhani somo lake lilikuwa kusoma kamusi.

Somo halikuwa kamusi. Neno gumu si la kuogopwa sana, kwa sababu mtu akikutana nalo husimama akauliza. Neno jepesi ndilo linalopita bila kukaguliwa. Minani alielewa “shoot”, na afisa alielewa “shoot”. Wote wawili walitoka chumbani wakiwa na uhakika. Ukiona watu wawili wanaelewana haraka hivyo mbele yako, hapo ndipo uweke mguu mlangoni.

Jibu lilitoka baada ya Kombe kwisha. Faili la Minani lilitengwa na la Esperansi. Karatasi waliyompa ilisema kwamba maelezo yake yanaleta mashaka, haikusema maelezo yapi. Siku ya mahojiano, kabla hajatoka, alikuwa amesomewa tena aliyoyasema, akayakubali yote, kwa Kiingereza. Esperansi na watoto wakaruhusiwa kwenda. Esperansi alikataa, kisha dada zake wakamwambia asiwe mjinga, awafikirie watoto, akakubali.

Siku ya basi nilikuwepo, kazini. Minani alibeba mizigo mpaka kwenye kamba waliyozungushia, akaiinamia kamba akawakumbatia wanawe kwa juu yake. Yule mdogo alikuwa analia. Minani akamwambia kwa Kiingereza, ili ajizoeze, asilie, mchezo bado. Nilisoma habari ya msafara ule jioni. Familia kadhaa zimeondoka, hali ya barabara ni nzuri. Sikukosea hata neno.

Unajua Minani alifikia uamuzi gani kuhusu kukataliwa kwake? Kwamba Kiingereza chake hakikutosha. Akaongeza bidii. Miaka yote hii amekuwa akikaa kwenye benchi lile lile la Hamisi, ligi baada ya ligi, anaokota maneno. Mimi nilikuwa nimerudi Kasulu, nalisikia hilo kutoka kwa Hamisi kwenye simu, nikasema, “Mwache, inamsaidia kupitisha muda.” Watoto wake sasa wanajua Kiingereza tu, Kirundi kimewatoka. Wakimpigia, wanamuuliza anakuja lini, naye huwajibu “extra time”, bado dakika za nyongeza. Wakimuuliza anafanya nini, anajibu yuko “on the bench”, benchi la akiba. Esperansi alimwambia Hamisi kwamba yule mdogo huwaeleza wenzake shuleni kuwa baba yake ni mtangazaji wa mpira.

Mwezi uliopita maombi ya Esperansi yalisikilizwa. Faili la Minani limefunguliwa. Anahojiwa tena Alhamisi.

Hamisi akanipigia. “Mama Skola, jamaa yako anasema safari hii pia hataki mkalimani. Anasema sasa Kiingereza kimeiva.”

“Umemwambia nini?”

“Nimwambie nini mimi? Mimi nauza karanga.”

Ndiyo sababu nilikwenda Jumapili. Nilikula vumbi la Makere nikipanga sentensi zangu, na nilipofika hazikunifaa. Minani amekonda, nywele zimeanza kuwa nyeupe pembeni. Alinisalimia kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, akanifutia benchi kwa mkono. Nikamwambia.

“Neno gani?” akauliza.

“Siyo moja.”

Nikamtajia yote. Alikuwa akiyarudia polepole, moja moja, kama darasani. Tulimalizia na “shoot”.

“Kwa hiyo sikukosea,” akasema.

“Hukukosea hata moja.”

Akacheka, Skola. Alicheka kama mtu aliyeletewa matokeo ya mtihani yaliyochelewa, akakuta amefaulu. Alimgeukia Hamisi: “Umesikia? Hata moja!” Miaka yote alikuwa anajiona mjinga, na kwa muda mfupi pale alikuwa mtu mwenye furaha kabisa. Nilitamani swali linalofuata lisimjie. Likamjia.

“Ulijua lini?”

Swali hilo nimewauliza viongozi kazi yangu yote, na nazijua njia zote za kulikwepa.

“Siku ile ile,” nikasema. “Kabla hujazila karanga.”

“Na mtoto?”

“Yeye aliuliza. Nilimnyamazisha.”

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akautoa mtupu, akauinua juu, wima, vidole vimebana, kama nilivyokuwa nainua ile kadi yangu ya boksi la chai. Hamisi alidhani ni mzaha wetu wa zamani, akapiga mluzi wa refa.

Nikachukua mkoba wangu nikatoka nje. Jua lilikuwa kali. Sheria ya darasa ilikuwa kwamba aliyetolewa hurudi neno linalofuata likitajwa, nami nilisimama pale nikisikiliza. Hakutaja neno.

Hamisi alinifuata kwenye bodaboda. “Amekubali atakaa na mkalimani,” akaniambia. “Lakini anasema hataki mwingine. Anamtaka yule mtoto aliyeuliza.”

Hilo ndilo nililoshindwa kukuambia mdomoni, ndiyo maana naliandika. Minani anakusubiri wewe. Amejua kwamba umeajiriwa pale, na kwake hiyo ni haki imerudi. Na wewe huwezi kukaa naye. Ofisi yako itakuuliza kama kuna mtu kwenye orodha unayemjua, nawe utasema ndiyo, nao watakuondoa kwenye chumba chake na kumweka mgeni. Sema hivyo hivyo. Usije ukafikiri kwamba kwa mara moja, kwa mtu aliyedhulumiwa namna hii, kunyamaza ni wema. Ikijulikana baadaye, maneno yake yatatupwa mara ya pili, na safari hii yatakuwa yametupwa na wewe.

Kiingereza chako ni kizuri. Cha Minani pia kilikuwa kizuri. Sijali sana kama utasahau neno, maneno huulizwa. Ninachoogopa ni kile ulichokirithi kwangu, huu ulimi unaojua ukweli na kuuweka pembeni kwa sababu mtu aliye mbele yako anacheka. Nimeuona kwako. Mwezi uliopita shangazi yako alikuuliza kama gauni lake la harusi ya Heru Juu limemkaa, ukamwambia limemkaa. Ni jambo dogo. Na mimi nilianza na mambo madogo.

Alhamisi asubuhi atakuwa getini mapema kuliko wote. Atakuwa na koti la kuazima. Atakuona kwa mbali, atainua mkono, na pengine atakuita kwa Kiingereza ili wenzake wasikie kwamba ana mtu wake ndani. Usimtume mlinzi. Usinisubiri mimi, mimi nimeshatolewa. Mfuate mwenyewe kabla hajaingia, mwambie kwa lugha ya nyumbani kwamba hutakaa naye, na mweleze kwa nini. Asipoelewa, mweleze tena. Atakuwa bado anatabasamu.

Mharibie siku yake, mwanangu.

Mama